Wa Kutaka na wa Kukataa

Mama yangu alikuwa akiuza mawese katika soko la Ujiji, na kwa kuwa alishinda upande wa muuzaji siku nzima, alijua kinachomponza mnunuzi. Ni macho. Mtu anakuja, anauliza bei kwa sauti ya asiyejali, anakunja uso, anasema mawese yamechanganywa na maji, lakini macho hayabanduki kwenye dumu. "Huyo ameshanunua," mama alikuwa akisema. "Bado hajajua tu."

Kwa hiyo nyumbani kwetu hakuna aliyekwenda kununua kitu cha maana peke yake. Walikwenda wawili, mmoja wa kutaka na mmoja wa kukataa. Wa kutaka anakishika kitu, anakigeuza, anasema "jamani, hii rangi!" ili muuzaji asikate tamaa. Wa kukataa anasimama nyuma kidogo kama mtu aliyeburutwa, anatafuta dosari. Bei ikigoma, wa kukataa anaondoka, na wa kutaka anababaika katikati, amwangalie muuzaji, amwangalie mwenzake, mpaka muuzaji aone huruma au aone hasara. Kila mtu sokoni anaujua mchezo huu, maana muuzaji naye akienda kununua kwa jirani yake anaucheza huohuo. Ni kama bao. Kanuni zinajulikana na wote, na bado mtu anafungwa.

Mimi nilizaliwa na uso wa kukataa. Wageni walikuwa wakiniletea biskuti wanadhani nimewachukia. Mama aliitazama sura hiyo akaona mtaji, akanifundisha kuuona uzi uliolegea, sufuria iliyozibwa, kanga iliyopungua upana. Vitu nilivihesabu mara mbili: ya kwanza nijue ni vingapi, ya pili muuzaji aone kwamba nahesabu.

Kasoro yake ni kwamba sikuwa na mwenzangu. Mama hakuweza kuacha meza yake kila mara. Kaka zangu ukiwapeleka sokoni wanayeyuka kama chumvi. Na shuleni, wakati huo niko kidato cha pili, wasichana walitembea wawili wawili kama ndala. Walikwenda wawili bombani, wawili chooni, wawili kwa mwalimu. Mimi nilikuwa ndala ya upande mmoja. Hakuna aliyenifanyia ubaya, niseme kweli. Wakati wa mapumziko waliniuliza, "Unakuja?" nami nikawaambia pale kivulini kuna siafu. Siafu walikuwepo kweli. Wao wakaenda wakakaa na siafu wao wakicheka, mimi nikabaki na usalama wangu.

Jumamosi moja mama alinituma ufukweni kununua dagaa. Jirani niliyekuwa niende naye alipata mgeni, nikaenda peke yangu. Wanawake walikuwa wameanika, wengine mchangani, wengine juu ya chanja za waya, na msichana wa rika langu alikuwa anageuza dagaa kwa ufagio. Nikasimama mbele ya chanja yake.

"Hawa wana mchanga," nikasema.

"Wametoka ziwani wakaanikwa ufukweni. Ulitaka wawe na unga?"

"Vichwa vimekatika."

"Utawala, au utawapiga picha?"

"Halafu bado wabichi."

Akaweka ufagio chini. "We dada, hawa samaki wameshakufa. Mbona unataka kuwaua tena?"

Nyuma yake mwanamke mmoja aliyekuwa anafunga magunia akacheka mpaka akakaa juu ya gunia. Alikuwa shangazi yake. "Mpimie huyo aende zake," akasema, "atanifukuzia wateja."

Yule msichana akanipimia. Kisha akaniuliza, akiangalia nyuma yangu, "Mwenzako yuko wapi?"

"Mwenzangu nani?"

"Wa kutaka. Wewe si wa kukataa? Huwezi kukataa peke yako, utakesha."

"Sina."

Akanitazama kama mtu anayekagua kitu ambacho bado hajauliza bei. "Mimi nataka kila kitu," akasema. "Muulize shangazi."

"Kila kitu isipokuwa kazi," shangazi akajibu.

Hivyo ndivyo nilivyompata. Kwao ni Ilagala, karibu na mahali mto Malagarasi unapoingia ziwani. Alimaliza darasa la saba, hakuendelea, akaja kwa shangazi kuanika. Kwa kazi ile huwi na Jumapili wala Ijumaa, una mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa inataka giza. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inalala ufukweni, na asubuhi wanawake hawana cha kuanika. Siku hizo ndizo alizokuwa huru. Ujiji nzima ilitazama juu kutafuta mwezi mwandamo ili ijue lini ifunge na lini ifungue. Mimi niliutafuta mwezi mpevu. Nikiona umejaa nyuma ya minazi, najua kesho nikitoka shule atakuwa amekaa kwenye ndoo karibu na meza ya mama, anakula kitu alichopewa na mtu.

Watu walimpa vitu. Alikuwa anasalimia kwa magoti, shikamoo yake ndefu, anauliza habari za mguu, za mjukuu, za paa linalovuja, na kabla hajamaliza ameshashikishwa ndizi. Mimi pembeni yake nilisema shikamoo kama anayelipa ushuru.

Sokoni tulikuwa balaa. Alikuwa hadanganyi, hiyo ndiyo siri yake. Akiona blauzi ya mtumba anapiga kelele ya kweli, anaipaka shavuni, anamwambia muuzaji, "Baba, hii nikiivaa hata mimi sitajijua." Mimi nakuja taratibu, nainua mkono wa blauzi. "Kwapa limechakaa." Muuzaji anamtazama yeye kwa matumaini, ananitazama mimi kwa kinyongo. Mzee mmoja wa mitumba alipotuona tunakuja alikuwa anaanza kukunja turubai. "Sheikh wangu," alimwambia jirani yake, "huyu mrefu ni malaika na huyu mfupi ni mtoa roho. Leo nafunga mapema."

Tukitoka hapo alinifundisha. Alisimama mbele ya kitu chochote, hata rundo la mihogo, akasema, "Sema unautaka."

"Siutaki."

"Sema uongo basi."

"Muhogo huu una nyuzi."

Alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta. Lakini alikuwa anaendelea kungoja, najua, kwa sababu aliacha kucheka na bado akabaki ananitazama. Kwake neno "nataka" lilitoka kama pumzi. Kwangu lilikwama. Mtoto aliyefundishwa kwamba macho yakionyesha hamu bei inapanda hajui soko huishia wapi.

Kisha ziwa likafungwa. Serikali ilisema lipumzike kwa miezi kadhaa samaki wazaliane, na wengi walikubali kwamba samaki wamepungua kweli, hata waliolalamika. Wavuvi wakatandaza nyavu zao juu ya paa. Shangazi akakunja waya wa chanja, akasema hawezi kulipa chumba cha Ujiji kwa kukaa bure, na wote wawili wakarudi Ilagala.

Nilikwenda kumsindikiza mpaka kwenye gari. Alikuwa amekaa dirishani, mfuko wa nguo magotini. "Ziwa likifunguliwa nitarudi," akasema.

"Nyinyi watu wa Ilagala hamna kalenda."

Akatabasamu. Gari lilikuwa bado linangoja abiria, kwa hiyo tulikuwa na muda mwingi wa kusema jambo jingine. Nikamwambia tairi la nyuma halina upepo wa kutosha.

Mwezi ulijaa, ukapungua, ukajaa tena. Nilikuwa najua hakuna anayekuja, na bado nikitoka shule nilipita njia ya sokoni nione ile ndoo. Ilikuwepo, imefunikwa gunia. Siku nyingine nilishuka mpaka ufukweni. Mahali palipokuwa na chanja palibaki miti michache iliyosimama, nikaihesabu, nikaihesabu tena, hakuna muuzaji wa kunitazama. Hata harufu ilikuwa imeondoka, harufu ambayo maisha yangu yote niliilalamikia. Ziwa lilikuwa safi na tupu, na ng'ambo milima ya Kongo ilionekana vizuri kuliko kawaida, kama mtu aliyesogea karibu akakosa la kusema.

Yeye hakuwa na simu. Nilipiga ya shangazi mara moja. Shangazi alipokea kwa makelele, kana kwamba Ilagala iko nyuma ya jua.

"Hayupo! Yuko shamba! Nimwambie nini?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya meza ya mama na simu ya mama, na mama alikuwa anajifanya anafuta dumu.

"Hakuna," nikasema. "Nilikuwa nasalimia."

"Haya, tumesalimiwa!"

Akakata.

Wakati huohuo viatu vyangu vya shule viliachia soli. Mama akaniambia nimngoje mpaka apate nafasi twende wote. Nikamwambia mimi ni mkubwa. Nikaenda mwenyewe kwa kijana mmoja anayetandika viatu vya mtumba karibu na kituo, nikaona jozi nyeusi, nzuri, saizi yangu. Nikaanza kazi. Nikasema ngozi si ngozi, ni plastiki. Nikasema kisigino cha kushoto kimelika. Nikakunja soli, nikamwonyesha ufa. Nikasema mtu aliyevivaa huko Ulaya alikuwa anaburuta mguu. Nilikuwa katika hali nzuri sana siku hiyo. Kila nilichosema kilikuwa kweli. Yule kijana alikisikiliza kimoja kimoja. Mwisho akavichukua mikononi mwangu.

"Dada, umenifungua macho," akasema. "Sikuuzii. Nisije nikapata dhambi."

Akavitia kwenye gunia la chini. Akageuka kuhudumia mtu mwingine.

Nilisimama pale. Hapakuwa na mtu wa kubabaika katikati yetu, wa kumwambia, "Kaka, msamehe, anavipenda." Nikarudi nyumbani soli zikipiga makofi, na mama alipouliza nikamwambia hakukuwa na saizi. Usipokuwa na wa kutaka, wa kukataa ni mtu mwenye kelele tu.

Ziwa likafunguliwa. Giza la kwanza mitumbwi ikaingia, asubuhi harufu ikarudi mpaka darasani, na nilipotoka nikakimbilia ufukweni na sare. Shangazi alikuwepo. Chanja ilikuwepo. Aliyeshika ufagio alikuwa msichana mwingine, mdogo, hanijui.

"Mwenzako atakuja," shangazi akasema bila kuniangalia usoni. "Atakuja kukuaga."

Alikuja mwezi ulipojaa. Nilimkuta juu ya ndoo, anakula karanga. Aliruka akanikumbatia, akaniambia yote kwa pumzi moja: mjomba wake yuko Tabora, mke wa mjomba ana cherehani na chumba cha kushonea, wanataka mtu wa kumfundisha kazi, treni ni mwisho wa wiki. "Na mimi nataka," akasema. Uso wake wote ulikuwa unasema hivyo, ungeweza kumuuza bei yoyote. "Sasa nataka begi. La magurudumu. Twende."

Mama akanitazama juu ya madumu. "Nendeni," akasema. "Wawili."

Muuzaji wa mabegi alikuwa na kibanda kilichojaa mpaka nje, na redio inayokoroma. Mwenzangu akalenga jekundu moja kwa moja. Akalifungua, akaingiza kichwa ndani, akatoka amefurahi. "Kaka, hili limenijua!"

"Ni la kwako, mdogo wangu," muuzaji akasema, akataja bei ya wageni.

Zamu yangu. Nikasema zipu inakwama. Nikasema gurudumu moja linayumba. Nikasema mshikio ukivutwa mara tatu utabaki mkononi. Muuzaji akashuka. Nikasema bitana yake ni ya kuuzia macho. Akashuka tena. Nikasema rangi hii vumbi la Tabora litaifanya ya kutu. Akashuka, akafuta jasho, akataja bei ambayo hata mama yangu angeiinamia. Hapo ndipo wa kukataa hunyamaza na wa kutaka hulipa.

"Halifai," nikasema, nikaondoka.

Nikasikia muuzaji anacheka nyuma, anangoja nirudi. Sikurudi. Nilipita wauza vitunguu, nikafika kwenye nyanya, ndipo akanifikia na kunishika mkono.

"Amekubali! Amekubali bei yetu, unakwenda wapi?"

"Zipu mbovu."

"Zipu nzima. Nimeijaribu mara mbili, kama wewe."

"Gurudumu."

"Liko sawa."

"Kuna mabegi mengine soko la Mwanga."

"Na huko utasema nini? Utasema yana siafu?" Hakuwa anacheka. "Wewe unataka nini?"

Mama muuza nyanya aliacha kupanga mafungu yake.

"Sitaki uende," nikasema.

"Huko ni kukataa. Kukataa unajua, nimekuona. Nimekuuliza unataka nini."

Nilitazama nyanya. Zilikuwa nzuri, sikupata pa kushika. Nikasema, "Nataka ubaki." Lilitoka na sauti mbaya, kama mlango wa stoo, na macho yakaniponyoka palepale mbele ya watu, bei yangu yote ikajulikana.

Naye akaanza kulia, kwa sababu yeye hufanya kila kitu waziwazi. "Hilo sina," akasema. "Hilo siwezi kukupa. Taja lingine."

"Nataka unipigie. Wewe, siyo shangazi."

"Simu ya mjomba. Haya. Lingine."

"Basi."

"Siyo basi. Lingine, usinionee haya."

"Nataka nisikae peke yangu shuleni."

Akajifuta kwa ncha ya kanga. "Hilo siyo la kwangu, shoga. Hilo kawaambie wao."

"Nitawaambiaje?"

"Kama ulivyoniambia mimi. Usianze na siafu."

"Mtanunua nyanya au mnalowesha biashara yangu?" mama wa nyanya akauliza, lakini alikuwa ameshampa kila mmoja wetu nyanya moja mkononi. Ya mwenzangu ilikuwa kubwa zaidi, kama kawaida.

Tuliporudi kibandani, muuzaji alikuwa amelisimamisha begi jekundu mbele kabisa. "Bei imepanda," akasema.

"Kwa nini?" mwenzangu akauliza.

"Nimewaona pale kwenye nyanya. Begi linaloliliwa haliuzwi bei ile."

Alikuwa na haki yake. Kwa kanuni za mama tulikuwa tumekwisha, wote wawili tuna macho mekundu kuliko bidhaa. Mwenzangu akanigeukia. Alikuwa ananingoja nikatae, na mimi nikaona sina dosari hata moja iliyobaki.

"Tunalitaka," nikamwambia. "Zipu yake nzima. Magurudumu mazima. Ni begi zuri kuliko yote uliyonayo humu, na wewe unajua. Tunalitaka kwa bei uliyokubali."

Akangoja niongeze kitu. Sikuongeza. Alizoea kupigana na makosa ya begi, sifa hakujua azijibu vipi. Hawezi kusimama mbele ya wateja wengine akasema begi lake siyo zuri kiasi hicho. Akapunguza redio.

"Huyu kumbe anasema," akamwambia mwenzangu.

"Anasema," mwenzangu akajibu. "Ni mgumu kuwaka tu."

Muuzaji akapokea hela zetu, akalifuta begi vumbi kwa mkono wa shati lake, akatusukumia.

Magurudumu hayafai kitu katika mchanga wa Ujiji, hilo ningelisema mapema kama ningekuwa bado kazini. Ilibidi tulibebe, yeye mshikio wa juu, mimi wa ubavuni. Njia ilikuwa ileile tuliyoipita tukiwa na blauzi na mihogo, ila sasa nilikuwa naiangalia kama kitu nitakachokipita mwenyewe kesho kutwa, nikitoka shule, nikiwa na la kusema au nikiwa sina. Lile la kuwaambia wasichana wa darasani lilikuwa limekaa kifuani kama tonge la moto. Sikujua kama litamezeka au litaniunguza.

Karibu na kwetu kuna bibi mmoja alikuwa anapeta mchele barazani. Aliliona begi jekundu, akasimamisha ungo. "Wanangu, mnasafiri?"

Mwenzangu alipunguza mwendo akaanza kupiga goti; wazee siku zote nilimwachia yeye.

"Shikamoo bibi," nikasema mimi kwanza. "Anasafiri mmoja."

"Marahaba. Na wewe?"

"Mimi nabaki."

"Haya. Pole," bibi akasema, akaendelea kupeta, hakusema pole ile ilikuwa ya nani.

Begi lilikuwa tupu, halizidi uzito wa kuku. Tulilibeba wawili mpaka kwa mama.